Hotuba Juu ya Keki ya Matunda kwa Nanasi Letu Wenyewe

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo imechapwa katika taarifa hii kwa ombi la Wazee wa Halmashauri.



 Hesabu za Chama zimekwisha kusomwa, nanyi mmezikubali. Majina ya ndugu zetu walioaga dunia yametajwa, nasi tumesimama kwa heshima yao. Habari za watoto walio shuleni zimesikiwa. Sasa limebaki jambo moja ambalo kwa jina lake laonekana dogo, hata pengine baadhi ya Wazee wetu watatabasamu wakilisikia. Jambo lenyewe ni keki.

Twalijua swali lililo mioyoni mwa wengi. Chama cha kusaidiana katika msiba na maradhi, chama kilichoundwa ili mtu asizikwe ugenini kama asiye na kwao, kina shauri gani na keki? Hilo ni swali la haki, wala hatutalikwepa. Tutalijibu kwanza, kisha tutaieleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, na mwisho tutaleta ombi letu.

KWA NINI TUSEME JUU YA KEKI

Siku hizi ni nadra kuona arusi isiyo na keki. Kijana akiisha kupeleka posa, akiisha kukubaliana na wakwe juu ya mahari, bado hujiona hajaoa mpaka keki imewekwa mezani, imekatwa mbele ya macho ya watu, na wazazi wa pande zote mbili wamepewa sehemu yao. Katika michango ya harambee vile vile keki hupigwa mnada. Mzee mmoja huinunua, akairudisha mezani, ikauzwa tena mara ya pili na ya tatu. Desturi ya keki ya arusi tuliipokea kutoka Uingereza, ambako keki ya matunda ndiyo iliyokuwa keki ya sherehe. Hata Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840, keki yake kubwa ilikuwa ya namna hiyo. Basi si mila yetu ya asili. Lakini imekwisha kuingia nyumbani, nayo haitatoka kwa kukasirikiwa. Kitu kilichoingia nyumbani mwako ni heri ukijue kuliko kukutawala.

Maana hapa ndipo yalipo madhara. Kijana wetu huagiza keki ya ghorofa tatu au nne kutoka dukani, na kwa kuwa mshahara hautoshi, hukopa. Siku ya furaha hupita kama siku nyingine, lakini deni hubaki nyumbani likila pamoja na bibi arusi. Mwenye deni hushindwa kutoa ada ya Chama mwezi wa kwanza, akashindwa mwezi wa pili, na baada ya hapo huona haya hata kuhudhuria. Nanyi mwazijua kanuni zetu: asiyetoa ada, siku ya msiba mkono wa Chama hufungwa. Basi keki ya arusi yaweza kumnyima mtu jeneza. Tukisema juu ya keki, Wazee wetu, twasema juu ya jambo lile lile lililotukutanisha tangu mwanzo.

Katika mkutano huu kuna hoja mbili. Ya kwanza ni ya akina mama wa Chama, ambao wameomba ruhusa ya kuoka keki za arusi na sherehe za wanachama kwa gharama ya vitu vyenyewe pamoja na ujira mdogo. Ya pili ni ya baadhi ya vijana, ambao wamependekeza kwamba fedha zitolewe katika mfuko wa msiba ili kununua oveni kubwa ya umeme. Sisi twaiunga mkono hoja ya kwanza kwa moyo wote, na hoja ya pili twaipinga kwa moyo wote. Sababu zetu zimo katika maelezo yanayofuata.

KWA NINI NANASI

Keki ya matunda ya Kizungu hutiwa matunda makavu peke yake: zabibu, maganda ya machungwa yaliyokolezwa sukari, na mengineyo. Katika nchi ya baridi, matunda mabichi hayapatikani wakati wote wa mwaka, kwa hiyo watu wa huko walijifunza kutumia yaliyokaushwa, wakayanunua kutoka nchi za jua. Sisi tulio katika nchi ya jua hatuna sababu ya kuwaiga katika shida yao.

Nanasi letu lenyewe lilikuwa mgeni zamani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na hata jina lake limetokana na lugha ya wenyeji wa huko, likasambazwa duniani na Wareno. Leo hakuna amwitaye mgeni. Hulimwa Thika katika mashamba makubwa, hulimwa pwani katika nchi ya Kilifi na Kwale, na wakulima wadogo huliuza kando ya barabara. Wakati wa mavuno huwa rahisi, tena mengi huoza sokoni kwa kukosa mnunuzi. Tunda lioza karibu na mlango wako, nawe wanunua keki kavu kwa mkopo: hilo si jambo la watu wenye akili.

Lakini sharti tuseme neno moja la maana sana, maana wengi wamejaribu nanasi katika keki nao wameshindwa, wakadhani mikono yao ina kasoro. Nanasi bivu lisilopikwa lina kitu ndani yake kiitwacho bromelaini. Kazi yake ni kuvunjavunja protini. Ndicho kiuwashacho ulimi wa mtu alaye nanasi kwa wingi, na ndicho kigeuzacho maziwa kuwa machungu yakichanganywa na maji ya nanasi na kuachwa yakae. Sasa keki husimama kwa protini ya mayai na ya unga wa ngano. Ukitia nanasi lisilopikwa katika mchanganyiko, nao ukangoja wakati wewe wautafuta moto, bromelaini huanza kula nguzo za nyumba yako kabla hujaezeka. Keki huweza kudidimia katikati, ikawa kama uji ulioganda.

Dawa yake ni moto. Bromelaini hufa ikichemshwa. Vitabu vingi vya mapishi vya ng'ambo havitaji jambo hili, maana vimeandikwa kwa nanasi la mkebe, nalo limekwisha kupikwa kiwandani. Mtu akifuata kitabu hicho kwa nanasi la shamba, kitabu humdanganya pasipo kukusudia. Basi kanuni yetu ya kwanza, ambayo twaomba kila mama na kila binti aishike, ni hii: nanasi lipikwe kwanza, ndipo likutane na yai.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa keki moja ya bati la mraba lenye sentimeta 20 kila upande, twahitaji vitu hivi:

Nyama ya nanasi bivu, iliyokatwa vipande vidogo sana pamoja na maji yake, gramu 400.
Zabibu kavu, gramu 300.
Tende zilizotolewa kokwa na kukatwakatwa, gramu 100.
Sukari, gramu 200; ile ya kahawia ni bora.
Siagi, gramu 125.
Unga mweupe wa ngano, gramu 280.
Mayai mawili.
Magadi ya kupikia ya unga, nusu ya kijiko cha chai.
Pauda ya kuumulia keki, ile iitwayo madukani beking pauda, kijiko kimoja cha chai na nusu kwa pwani, au kimoja tu kwa bara ya juu.
Mdalasini wa kusaga, kijiko kimoja cha chai. Kungumanga kidogo iliyoparwa. Na chembe za chumvi.

Wazee wetu waliozoea ratili na wakumbuke kwamba ratili moja ni kadiri ya gramu 454. Kwa hiyo siagi yetu ni zaidi kidogo ya robo ratili. Asiye na mizani asikate tamaa. Unga huuzwa kwa mfuko ulioandikwa uzito, na mfuko wa kilo mbili ukigawanywa sawasawa kwa kikombe mara saba, kila sehemu itakuwa karibu na kipimo chetu. Sukari ya kilo moja ikigawanywa mara tano, kila sehemu ni gramu 200 kamili.

Twapenda kueleza pia kwamba hatukutaja pombe. Keki nyingi za matunda za Ulaya hutiwa pombe kali. Chama chetu kina Wakristo na Waislamu, tena kina watu walioapa kutokunywa kabisa. Keki ambayo nusu ya meza haiwezi kuionja si keki ya Chama. Maji ya nanasi yatosha kwa kazi ya kuloweka zabibu, nayo hayamkwazi mtu.

Kuhusu magadi, twaonya. Yale magadi ya mawe tutiayo katika maharagwe na mboga ili zilainike si haya. Hayo ni makali zaidi, nayo hayafai katika keki. Yanunuliwe magadi meupe ya unga yaliyoandikwa kwamba ni ya kupikia.

KUCHAGUA NA KUTAYARISHA NANASI

Nanasi halizidi utamu likiisha kukatwa shambani. Laweza kulainika na kubadilika rangi, lakini sukari haliongezi. Kwa hiyo usinunue lililo changa ukitumaini kwamba litaiva kikapuni. Linuse upande wa kitako: likinukia utamu, limeiva, lisiponukia, liache, likinukia kama pombe, limepita. Rangi peke yake isikudanganye, maana yako mananasi yenye ganda la kijani ambayo ndani yameiva vema. Lishike mkononi, nalo lazima liwe zito kuliko umbo lake.

Nanasi la kilo moja likimenywa hutoa kadiri ya nusu kilo ya nyama. Kata majani ya utosini, menya ganda, toa macho yote, toa na ule moyo mgumu wa katikati. Kisha katakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Vipande vikubwa huwa vizito, huzama chini ya keki na kuiacha juu tupu. Maji yanayochuruzika yasimwagwe. Hata maganda, yakioshwa vizuri kabla ya kumenya, yaweza kuchemshwa pamoja na tangawizi na sukari kidogo, nayo hutoa kinywaji kizuri kwa watoto.

KUPIKA MATUNDA

Tia katika sufuria nanasi na maji yake, zabibu, tende, sukari, siagi, mdalasini na kungumanga. Weka juu ya moto wa kadiri, ukoroge mpaka sukari na siagi ziyeyuke, halafu uache ichemke polepole kwa muda wa dakika 10. Katika dakika hizi mambo matatu hutendeka. Bromelaini hufa. Zabibu na tende hunywa maji ya nanasi, zikavimba na kulainika, na kwa sababu hiyo hazitanyonya unyevu wa keki baadaye. Na maji yaliyozidi huondoka kwa mvuke, maana nanasi ni maji kwa sehemu kubwa sana, na maji yakizidi keki haiivi katikati.

Ondoa sufuria motoni, tia magadi, koroga. Patatoka povu jingi, usiogope. Nanasi lina uchachu, na magadi yakikutana na uchachu hutoa hewa. Lakini usizidishe magadi kwa kupenda povu: yakizidi, keki hupata ladha ya sabuni.

Sasa fanya lile ambalo ni gumu kuliko yote, yaani kungoja. Mchanganyiko upoe kabisa, hata ukigusa sufuria kwa kiganja usisikie joto. Ukitia mayai katika matunda ya moto, yatapikwa papo hapo, nawe utakuwa na mayai ya kukoroga yenye zabibu. Ni vizuri kuchemsha matunda jioni na kuoka asubuhi. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii maneno hayo ni kweli tupu.

KUCHANGANYA

Pasua kila yai peke yake katika kikombe kwanza, ili moja likiwa bovu lisiharibu mengine. Yapige mayai kidogo, uyatie katika matunda yaliyopoa. Chekecha unga pamoja na pauda na chumvi, uutie juu yake, ukachanganye kwa mwiko taratibu mpaka usione unga mweupe. Hapo acha. Unga wa ngano ukikorogwa sana hukaza, na keki huwa ngumu kama mkate wa juzi.

Paka bati siagi, ulitandike karatasi safi ya kuokea chini na pande zote. Karatasi hii si pambo. Huzuia kingo zisikauke kabla ya katikati kuiva. Mimina mchanganyiko, usawazishe, na ubonyeze kidogo katikati, maana katikati ndiko hupanda zaidi.

PWANI NA BARA

Wako wanachama wetu waliohamishiwa kazi kutoka Mombasa kwenda Nairobi au Eldoret, ambao husema keki yao imewakataa. Keki haikuwakataa, ni hewa iliyobadilika. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko juu kwa kadiri ya meta 1,700, na Eldoret kwa kadiri ya meta 2,100. Juu huko hewa ni nyepesi. Maji huchemka Nairobi kwa joto la nyuzi 94 hivi, wala si 100 kama Mombasa. Ile hewa itokayo katika pauda hupanuka upesi zaidi, keki hupaa kabla ya kuta zake kukaza, halafu huanguka. Ndiyo sababu tumesema pauda ipunguzwe bara. Maji nayo hukauka upesi zaidi huko, basi mama wa bara na aongeze vijiko viwili vikubwa vya maji ya nanasi, na matunda yachemke kwa kifuniko nusu. Hivi ndivyo keki moja iwezavyo kukaa vizuri katika nchi mbili.

KUOKA PASIPO OVENI

Mwenye oveni na aitie moto wa nyuzi 160, aoke kwa saa moja na robo hivi. Asiye na kipimo cha joto anyunyize unga kidogo juu ya kibati na kukiweka ndani kwa dakika tano: ukigeuka hudhurungi hafifu, moto wafaa; ukiwa mweusi, moto umezidi.

Asiye na oveni, naye ndiye mwenzetu wa kweli, asinung'unike. Mabibi zetu wa pwani walioka mkate wa mayai na mkate wa sinia kwa moto wa juu na wa chini kabla hatujaona waya wa umeme. Chukua sufuria kubwa nzito. Tandaza mchanga mkavu safi ndani yake, unene wa vidole viwili. Funika kwa kifuniko bapa cha chuma, uiweke juu ya jiko la makaa kwa robo saa ili ipate moto. Kisha weka bati juu ya mchanga, funika tena, uweke makaa juu ya kifuniko. Makaa ya chini yawe machache, ya juu yawe mengi kidogo kuliko ya chini, maana chini ndiko kuunguako kwanza. Usifunue kabla ya dakika 50 kupita. Mwenye jiko la gesi aweza kutumia mchanga ule ule kwa moto mdogo sana. Keki yake itakuwa nyeupe juu, lakini ndani itaiva.

Na hapa, Mabibi na Mabwana, twaomba msikilize kama msikilizavyo habari ya msiba. Wengi wetu mjini twakaa katika chumba kimoja. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Keki huchukua saa moja na zaidi. Ni muda mrefu wa kukaa na jiko. Jiko liwe nje, au mlango na madirisha yawe wazi kabisa, wala lisiingizwe ndani usiku kwa ajili ya kuota moto. Hakuna keki ipasayo roho ya mtu.

Kujua kama imeiva, choma katikati kwa kijiti chembamba. Kikitoka na unga mbichi, bado. Kikitoka kisafi, au na unyevu wa tunda tu, imeiva. Hapa ndipo wengi huipoteza keki yenye unyevu: huona kijiti kina utelezi wa nanasi, hudhani ni unga, nao huiacha motoni mpaka ikauke. Tazama vema, tunda hung'aa, unga mbichi huwa mzito na mweupe.

KUTUNZA

Iache ipoe ndani ya bati lake, ndipo uitoe. Ifunge kwa karatasi safi na kitambaa, uitie katika kopo lenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku katika nchi yetu mwaka 2017, nayo haikuwa rafiki wa keki hata zamani, maana iliifanya itoe jasho. Siku ya pili keki hii huwa tamu kuliko siku ya kwanza, kwa sababu unyevu wa matunda umekwisha kuenea.

Lakini isilinganishwe na ile keki nyeusi ya Kizungu ikaayo miezi. Ile ni kavu, imejaa sukari na pombe. Hii ina maji, na penye maji ukungu hauchelewi. Pwani iliwe ndani ya siku tatu au nne, na katika baridi ya bara isizidi juma moja. Kwa arusi ya Jumamosi, ioke Alhamisi. Ikionekana ukungu, hata kidogo, isikatwe pembeni na kupewa watoto, itupwe.

HESABU YAKE

Bati la sentimeta 20 kila upande, likikatwa mara tano huku na mara tano huku, hutoa vipande 25 vya sentimeta nne. Basi wageni 100 watoshewa na keki nne. Kwa keki nne zahitajika mananasi manne ya kilo moja, zabibu gramu 1,200, tende gramu 400, sukari gramu 800, siagi gramu 500, unga gramu 1,120 na mayai manane. Hatutataja bei, kwa sababu bei ya leo si bei ya kesho, na soko la Kongowea si soko la Gikomba. Twamwomba kila mwanachama mwenye kijana anayekaribia kuoa achukue karatasi, aandike vitu hivi saba, aende sokoni kwake aulize, ajumlishe, aongeze ujira wa mama mwokaji na bei ya makaa. Kisha aulize bei ya keki ya dukani. Karatasi hiyo itahutubu vizuri kuliko sisi.

OMBI LETU

Sasa twaleta ombi letu mbele ya Wazee, nalo lina sehemu tatu.

Kwanza, akina mama wapewe ruhusa waliyoiomba. Miongoni mwao wako wajane ambao Chama huwasaidia mara moja, siku ya msiba, kisha huwaacha na mikono mitupu. Msaada wa siku moja huisha kwa siku moja. Lakini mjane aliye na bati, sufuria na mchanga wake ana kitu cha kuuza kila penye arusi. Hatuwezi kujiita Chama cha ustawi huku tukingoja watu wafe ndipo tufungue sanduku.

Pili, oveni isinunuliwe kwa fedha za msiba. Fedha zile si zetu. Ni za yule ambaye bado hajalia. Kama kazi hii itastawi, faida yake yenyewe iwekwe kando kidogo kidogo, na siku moja oveni itajinunua. Kama haitastawi, hatutakuwa tumepoteza neno ila mchanga.

Tatu, kila mwanachama anayeoza au kuoa aonyeshe mfano. Wazee wetu, neno hili ni lenu zaidi ya wote. Vijana hawakopi kwa sababu ya kupenda keki. Hukopa kwa sababu ya kuogopa macho yetu. Siku ambayo mzee mwenye heshima ataketi katika arusi ya mwanawe, akaletewa keki ya nanasi iliyookwa na mama wa Chama, akaila mbele ya watu na kuomba kipande cha pili, siku hiyo madeni mengi yatakufa bila hotuba.

Tusidhani pia kwamba kazi hii ni ya wanawake peke yao. Jeshini wanaume hupika, hotelini wanaume huoka, na hakuna amchekaye mtu anayelipwa mshahara kwa kuoka. Kijana anayejua kuchemsha nanasi na kungoja lipoe amejifunza pia kungoja mambo mengine.

Bwana Rais, tumesema mengi kuliko tulivyokusudia. Mezani kule nyuma akina mama wameweka keki mbili: moja imeokwa katika oveni, na moja katika sufuria ya mchanga. Hazikuandikwa ipi ni ipi. Twawaomba Wazee wazionje zote mbili kabla ya kura kupigwa, na yule atakayeweza kuzitofautisha na asimame aseme.